Jina la nne la herufi M: Nilimpa mpwa wangu jina la mtu ambaye kwetu alikuwa bado yuko safarini

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Haya ninayoyaandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimesimuliwa na watu wa ukoo wangu. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika, ili mtu asije kunishika shati baadaye.

Humu ndani naona kila mara mtu anafungua uzi: "Wadau, naombeni majina ya kiume yanayoanza na herufi fulani, pamoja na maana zake." Watu wanamwaga listi, mwenye uzi anashukuru, anaondoka. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ngoja niwaambie kilichonipata.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, nilikuwa tu siwezi kukaa sehemu moja. Nimepakia mbao Nachingwea, nimeuza nyanya barabarani pale Nanganga, na haya yalipoanza nilikuwa Tunduru nachekecha mchanga wa vito. Ila kusoma nasoma. Hata karatasi iliyofungia maandazi nikiipata naisoma mpaka mwisho.

Jina langu ni Mtoro. Mbele mtajua limetoka wapi.

Basi siku hiyo niko mtoni, simu inaita. Dada yangu Somoe.

"Kaka, nimejifungua. Mvulana."

Nikamuuliza hali yake na ya mtoto. Akanijibu kwa mkato, kama mtu anayeogopa kufurahi kwa sauti. Nikamwelewa. Huyu alikuwa mtoto wake wa tatu. Wawili wa mwanzo hawakufika arobaini, na yule wa pili aliondoka siku ya sita, kesho yake ndiyo apewe jina. Tulimzika akiitwa "mtoto wa Somoe".

"Mjomba ni wewe," akasema. "Siku ya saba nataka jina. Huyu asikose jina, kaka. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia.

"Na lianze na M. Usije ukatuletea Jayden."

Niwafafanulie wasio wa kusini. Kwetu ukoo unafuata mama. Mtoto wa kiume wa kwanza jina lake linatoka kwa mjomba, baba anasubiri kama wengine. Mjomba wetu mkubwa alifariki, kwa hiyo kwenye tumbo la mama yetu mwanamume nimebaki mimi peke yangu. Mzururaji, sina nyumba, sina mke, halafu ndiye mwenye kutoa jina.

Kuhusu hiyo M, wanaume wa kwetu wote ni M. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni mapenzi tu, kama familia zinazovalisha watoto wote kitambaa kimoja sikukuu ya Idi.

Nikapanda basi la Masasi. Njiani nikanunua bando nikaanza kutafuta. Wakuu, majina yapo! Malik, mfalme. Mubaraka, aliyebarikiwa. Mansuri, aliyepewa ushindi. Muniri, mwenye kung'aa. Muhidini, mhuisha dini. Mustafa, mteule. Nikachana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, nikaandika kumi na moja kwa mwandiko mzuri, na maana zake pembeni. Nilijiona mjomba kamili.

Dada alikuwa ameshapelekwa kwa Bibi, Mkunya, kule juu Newala, akae huko mpaka arobaini. Bibi ni mama wa mama yetu. Umri wake hajui, na ukimkadiria anakasirika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Umekuja kwa miguu yako au umeletwa?"

Ndivyo anavyonikaribisha siku zote.

Hapa nichomeke jambo moja, mlishike. Kila Bibi anapofanya hitma, watu wakishawarehemu marehemu wa ukoo mmoja mmoja kwa majina, yeye huinua mikono tena na kumalizia: "Na msafiri wetu, Mola amrudishe salama." Nimeisikia hiyo dua tangu nikiwa mdogo. Nilipokua nikaanza kuzurura, nikawa kila nikiihudhuria nainamisha kichwa kwa aibu. Nilijua ananisema mimi.

Turudi. Jioni ile tumekaa ukumbini. Somoe yuko mkekani na mtoto. Mume wake, shemeji Hamisi, mfanyabiashara mdogo wa Nanganga, amekaa mlangoni anamenya karanga. Nikatoa karatasi yangu.

"Malik," nikasoma. "Maana yake mfalme."

Bibi akauliza, "Alikuwa nani?"

"Maana yake mfalme, Bibi."

"Nimesikia. Nakuuliza alikuwa nani."

Nikaruka la pili. "Mansuri. Aliyepewa ushindi."

"Alikuwa nani huyo? Alikaa wapi? Nani alimzika?"

Shemeji akacheka. "Bibi, hayo yametoka kwenye simu."

"Basi simu ikizaa iwape watoto wake," akasema Bibi.

Yote kumi na moja yalikwenda hivyo. Mpaka nafika Mustafa sauti yangu imeshakuwa ndogo, na Somoe anaficha kicheko kwenye kanga. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka tangu nifike, kwa hiyo sikuumia sana.

Ndipo Bibi akanifundisha. Kwa watu wa simu maana ya jina ni neno. Kwake yeye maana ya jina ni mtu. Jina ambalo hajawahi kulivaa mtu wa ukoo hampi mtoto, maana mtoto atalivaa peke yake bila wa kumtazama. Na hasa huyu, ambaye wenzake wawili walikwenda.

Akanieleza M zetu zilikotoka. Nayaandika kama alivyosema, maana naye aliyapokea kwa bibi yake, na bibi yake alikuwa dada wa hao watu.

Walizaliwa kabla ya Wadachi, wakakua enzi zao. Bibi hasemi Wajerumani, anasema Wadachi.

Wa kwanza alikuwa Masika. Alizaliwa katika mvua kubwa, mvua iliyoangusha mtama wote. Hakuna la ajabu, majina mengi ya zamani ni kalenda.

Wa pili Mashaka. Huyu wakati mama yake ana mimba yake habari za wageni wenye bunduki zilianza kufika, watu wakawa wanalala porini na kurudi asubuhi kuangalia nyumba kama ipo. Kwa hiyo Mashaka.

Wa tatu jina lake la utotoni limepotea kabisa. Alipokuwa kijana, watu walipelekwa kulima pamba ya boma kwa nguvu. Yeye akakimbia. Wakamkamata wakamchapa viboko, akakimbia tena. Mara ya tatu askari mmoja akasema, "Huyu hana jina, huyu ni mtoro tu." Alipofika nyumbani akawaambia ndugu zake: kuanzia leo niiteni hivyo hivyo. Akafa mzee, kitandani kwake, na jina lake la matusi.

Huyo ndiye niliyemvaa mimi. Miaka yote nilidhani jina langu ni mkosi, kumbe mwenyewe alilivaa kwa kiburi.

"Sasa Bibi," nikasema, "si tumpe mtoto mojawapo ya hayo?"

"Yana watu."

Kwetu jina moja halivaliwi na wawili walio hai. Masika yupo, ni binamu yangu, anaendesha lori Lindi. Mashaka yupo, anasoma sekondari Masasi. Mtoro ndiye mimi.

"Labda nife nimwachie," nikasema kwa utani.

"Usijipe umuhimu," akasema Bibi. "Kesho nenda Chiwata kwa fundi Bakari. Wenzetu wa tawi la kule walikuwa na wanaume wengi. Muulize jina lililo wazi. Na uwahi, leo siku ya tatu."

Fundi Bakari ni binamu wa Bibi, mshona nguo. Nilimkuta barazani Chiwata na cherehani yake ya miguu, anashona sare za shule, amezungukwa na kaptula za bluu kila upande. Masikio yake mazito, kwa hiyo anaongea kwa kelele kama yuko mnadani.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba! Mtoro! Safari hii umemkimbia nani?"

Watu wa dukani jirani wakageuka kunitazama. Nikamweleza shida yangu. Akasimamisha cherehani.

"M? Mbona jina lipo! Zuri kuliko yote! Malenga! Miaka yote hiyo hakuna aliyelichukua, sijui mnangoja nini huko juu."

Kwa wasiojua, malenga ni mwimbaji na mtunzi hodari. Fundi anasema ni neno la pwani. Watu wa huku zamani walikuwa wakishuka na misafara mpaka Lindi, wakirudi wanarudi na nguo na maneno. Alipewa jina hilo alipotoka jandoni, kwa sababu kule jandoni yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, wenzake wanaitikia huku wanalia maumivu.

"Alikuwa nani?" nikauliza. Nilikuwa nimeshajifunza swali.

"Ndugu yao! Wa nne! Mdogo wao wa mwisho!"

Nikashangaa. Bibi aliniorodheshea watatu, na mimi sikumuuliza walikuwa wangapi.

Fundi akanisimulia huku anatunga uzi kwenye sindano. Vita vya Majimaji vilipofika huku, ndugu waligawanyika. Masika na Mtoro walikunywa maji ya dawa, wakaingia porini. Mashaka na Malenga hawakunywa, wakabaki nyumbani. Sababu hajui, na mimi nimekuta simulizi za vita ile Masasi na Newala zinatofautiana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo naishia hapo.

Baadaye askari wa Wadachi wakapita kukusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Kila nyumba mwanamume mmoja. Aliyetajwa alikuwa Mashaka. Lakini mke wa Mashaka alikuwa na mimba kubwa. Malenga akasimama mbele ya askari akasema Mashaka ni mimi. Wakamtwisha sanduku.

Wanawake wa ukoo walikuwa chini bondeni wamekwenda kisimani. Wanaolijua eneo la Newala watanielewa. Kijiji kipo juu kabisa na maji yapo chini kabisa, zamani mtu akifuata maji ameondoka nusu siku. Wakiwa huko chini wakasikia msafara unapita ukingoni juu, na sauti ya Malenga inaanzisha wimbo, wapagazi wanaitikia. Dada yake akaacha mtungi akaanza kupanda mlima. Alipofika juu njia ilikuwa tupu.

"Hakurudi?"

"Angerudi ningekuwa nakusimulia? Ningekwambia kamuulize mjukuu wake!"

Nikamuuliza kama jina liko wazi kweli.

"Liko wazi! Chukua! Mwambie dada yangu Bakari amesema!"

Wakuu, mimi niliondoka Chiwata nimejaa furaha. Jina linaanza na M. Lina maana nzuri. Lina mtu, na si mtu tu, mtu aliyejitwisha mzigo wa kaka yake. Njiani nilikuwa nalirudia mdomoni.

Nilifika Mkunya siku ya sita, alasiri. Bibi alikuwa uani anaanika mihogo. Sikumngoja. Niliingia moja kwa moja, nikanawa mikono, nikamwambia Somoe nipe mtoto. Nikaadhini sikio la kulia, nikakimu la kushoto, halafu nikamnong'oneza mara tatu: wewe ni Malenga, wewe ni Malenga, wewe ni Malenga.

Nikatoka naye mpaka mlangoni.

"Bibi, njoo umwone Malenga!"

Bibi aliweka ungo chini. Hakuutupa, aliuweka taratibu. Kisha akakaa kwenye kizingiti.

"Umeshamwita?"

"Nimemwita. Mara tatu."

"Mtoro," akasema, "umempa mtoto jina la mtu ambaye hajafa."

Sikuelewa. Shemeji Hamisi hakuelewa. Aliyeelewa ni Somoe, kwa sababu alikulia kwa Bibi. Alikuja akanichukua mtoto mikononi bila kunitazama usoni.

Ni hivi. Malenga hajawahi kufanyiwa malilo, yaani matanga. Dada yake alikataa. Waliorudi vitani kila mmoja alisema lake. Mmoja alisema alimwona njia ya Songea, mwingine akasema ameoa huko mbele, mwingine akasema hamjui. Hakuna aliyesema nimemzika. Kwa hiyo dada yake akasema huyu yuko safarini, halii mtu hapa. Ikaja njaa baada ya vita, watu wakawa wanaishi kwa ming'oko ya porini, na yeye bado anamwekea ndugu yake mzizi mmoja pembeni. Alipozeeka akamwachia neno binti yake: msubirini. Binti akamwachia Bibi. Kule Chiwata walidhani matanga yalifanyika Mkunya. Mkunya hayakufanyika kamwe.

Na "msafiri wetu" wa kwenye dua? Si mimi. Hakuwahi kuwa mimi hata siku moja.

Sasa hesabu ya Bibi ilikuwa nyepesi. Kama Malenga mkubwa hajafa, basi Malenga wawili wamevaa jina moja, na mmoja lazima aliachie. Kati ya mtu mzima aliyeko safarini na kichanga cha siku sita, nani atakayeshindwa kulishika?

Najua humu kuna watakaosema huo ni ushirikina. Shemeji Hamisi alisema pia.

"Bibi, tubadilishe tu jina. Kwenye kadi ya kliniki bado ameandikwa mtoto wa Somoe."

Somoe akageuka. "Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya yule mwingine, Hamisi. Mtoto wa Somoe."

Shemeji akaenda kukaa karibu na mkewe.

Na jina likishaitwa sikioni halifutwi, hilo hata mimi nalijua. Njia ilibaki moja. Malenga mkubwa aliliwe, aachie jina. Na wa kuamua hilo alikuwa Bibi peke yake, maana neno la kusubiri alipewa yeye.

Akakataa.

"Niliambiwa nimsubiri. Sikuambiwa mpaka lini."

Hapo mimi nikafanya kosa la pili. Nikaleta hesabu. "Bibi, hata kama vita havikumuua, leo angekuwa na miaka zaidi ya mia na..."

"Sijakuuliza miaka."

"Lakini Bibi..."

"Mtoro. Ulipokaa miaka minne huko ulikokuwa, huna simu, huna salamu, watu walikuja hapa. Wakaniambia Bibi, huyo hayupo tena, tufanye sadaka tumalize. Unajua niliwajibu nini?"

Akaendelea bila kuningoja.

"Niliwaambia watoke uani kwangu."

Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye mikorosho. Wakuu, nimepigwa na mengi huko nilikopita, ila sijawahi kupigwa kama na hayo maneno. Miaka hiyo minne sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa tu sijisikii kupiga simu.

Mtoto alianza kulia magharibi ile na akakataa ziwa. Inawezekana ni tumbo tu, vichanga wote hulia. Lakini Somoe alikuwa anamtembeza ukumbini anahesabu hatua kwa sauti, na Bibi alikuwa anamsikia. Sote tulikuwa tunamsikia.

Asubuhi ya siku ya saba Bibi alitoka amevaa kanga safi.

"Tafuta pikipiki," akaniambia. "Unipeleke kisimani."

Kijijini siku hizi maji ya bomba yanafika, yakikatika tunavuna ya mvua. Kule kisimani watu wameshapasahau. Tulikwenda na bodaboda mpaka ukingoni, kisha tukashuka, yeye kanishika bega, anatanguliza mguu mmoja mmoja. Tulishuka muda mrefu. Mara tatu nilimwambia tupumzike, mara tatu akaniambia pumzika wewe.

Kisima chenyewe ni shimo dogo lenye mawe, limefunikwa na majani. Alisimama pale, akageuka akatazama juu ukingoni, ambako njia ilipita.

Kwa mtu aliyepotea, kabla ya kuliliwa, lazima aitwe mara tatu kutoka pale alipoonekana au kusikika mara ya mwisho. Bibi yake Bibi, yule dada wa Malenga, hakuwahi kumwita. Mama yake hakuwahi kumwita. Sasa nikajua kwa nini. Ukishaita, itabidi usikilize.

"Malenga!"

Sauti ya Bibi ni nyembamba, sikutegemea itapanda. Ilipanda. Tukangoja.

"Malenga we!"

Upepo, na ndege wawili watatu.

Mara ya tatu hakuita kwa nguvu. Alisema kama mtu anayemwamsha mtu aliyelala karibu yake. "Malenga."

Akangoja muda mrefu kuliko zile mbili za mwanzo. Kisha akafungua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni, akakaa chini kwenye mawe, akalia. Si kulia kwa heshima. Alilia kama msiba umetokea asubuhi ile.

Nikakaa naye. Na mimi nililia, sioni haya kuandika.

Matanga yalikuwa ya siku tatu, kama ya mtu yeyote. Majirani walikuja wakauliza nani amefariki, wakijibiwa wanabaki mdomo wazi, lakini hawakuondoka. Walileta unga, walileta mbaazi. Fundi Bakari alipanda kutoka Chiwata na furushi la kaptula begani kwa kijana wa bodaboda, eti ana sare za kumalizia, akakaa kwenye mkeka analia na kushona kwa mkono.

"Mimi nilijua mlishamlia!" alikuwa anapiga kelele. "Mngeniambia!"

Bibi akaagiza, pamoja na pilau, wachimbe na ming'oko. Ikachemshwa, ikawekwa sahani moja peke yake.

Siku ya tatu walikuja watani wa ukoo wetu. Msiba wa kwetu bila mtani haujakamilika, yeye ana ruhusa ya kuwachekesha wafiwa na hakuna wa kumkasirikia. Mtani mmoja mama mnene alijitwisha sanduku la bati kichwani, akaingia uani anayumba.

"Hodi! Ni mimi Malenga! Samahani nimechelewa, mizigo ya Wadachi mizito! Jamani mbona wote mmezeeka?"

Uani pakalipuka. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nani huyu amevaa jina langu?" akaendelea mtani, anamnyooshea kidole mtoto. "Basi na abebe na sanduku!"

Akalishusha miguuni kwa Somoe, akachukua sahani ya ming'oko, akala yote. Ndivyo inavyotakiwa.

Ikasomwa hitma. Marehemu wakarehemiwa kwa majina, na kwa mara ya kwanza nikasikia likitajwa miongoni mwao: Malenga. Baada ya hapo Bibi akamchukua mtoto, akamwita kwa jina lake mbele ya watu wote. Mtoto alikuwa amelala.

Nikabaki nimeinamisha kichwa kwa mazoea, nangoja ile dua ya mwisho.

Haikuja. Bibi akapangusa uso, akaanza kukunja mkeka.

"Bibi," nikamnong'oneza, "na msafiri?"

"Msafiri yupi tena? Ameshafika."

"Na mimi je?"

Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe una miguu na una simu. Kwako sipotezi dua."

Hadi leo ninapoandika hapa, Malenga ana meno mawili na anapiga kelele kuliko fundi Bakari. Arobaini ilipita salama. Kama ni matanga, kama ni maziwa ya mama, kama ni sindano za kliniki, kila mtu achukue linalomtosha.

Mimi nilirudi Tunduru, sijageuka mtu mwingine. Lakini kila Ijumaa nampigia Bibi. Hana maneno mengi. Anapokea, anasema "Haya, nimekusikia," anakata.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo tu. Listi za majina ni nzuri, na maana zake ni nzuri. Ila kabla hujachagua, kaa na mtu mzima wa kwenu umuulize lile swali la Bibi: alikuwa nani?

Na nina ombi kwenu, hasa nyie mlioko njia ya Songea, Liwale, Kilwa na Lindi. Kama kwenu kuna simulizi ya mpagazi wa vita vya Majimaji, kijana kutoka uwanda wa Newala, aliyekuwa anaanzisha nyimbo njiani, hata kama ni kaburi tu lisilojulikana la nani, andikeni hapa chini. Huenda alijitambulisha kwa jina la Mashaka.

Matanga tumeshamaliza. Lakini kama kuna anayeujua wimbo wenyewe, Bibi ameniambia niwaulize.